Nguo Huvuliwa Wapi

Wajukuu zangu, juzi usiku pale barazani mmoja wenu alitamka neno lililoninyima usingizi. Alikuwa akisimulia habari za duka lake la simu, jinsi mkopo wa pili ulivyolipa wa kwanza, na sasa anatafuta wa tatu ili alipe wa pili. Mwenzake akamuuliza kwa nini asifunge tu akapumua. Akajibu, "Maji nimeshayavulia nguo." Mkacheka wote, kahawa ikazunguka, mkahamia kwenye Simba na Yanga. Mimi nilinyamaza. Bibi yenu amekwisha kuniambia kwamba nikianza kusema usiku watu hawalali, basi nimeona niandike.

Methali ile ni ya wakubwa zetu na sitaipinga. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Lakini wazee walioitunga hawakutuambia nguo huvuliwa wapi. Kuna anayevua akiwa ukingoni, miguu imekwisha kulowa, na kuna anayevua akiwa bado sokoni. Huyu wa sokoni akiambiwa njiani kwamba mtoni kuna mamba, anaona haya kugeuka kwa sababu yuko uchi, na kwa ajili ya haya hiyo anakwenda kuliwa. Nataka kuwaeleza habari za watu ambao kazi yao huwalazimu kujua mahali pa kuvulia nguo kwa hesabu ya mita na sekunde.

Mnajua nilikuwa fundi wa ndege, ila sidhani kama kuna aliyewahi kuniuliza fundi wa nini. Watu wakisikia fundi wa ndege huwaza injini. Mimi miaka 31 nilikuwa mtu wa magurudumu na breki. Wenzangu wa injini walivaa ovaroli safi kuliko zetu na walitutania kwamba ndege ni kitu cha kupaa, sasa nyie wa breki mna kazi gani humo? Hatukuwajibu. Mtu wa breki hana siku ya kusifiwa. Ana siku ya kulaumiwa tu, nayo huja bila taarifa.

Hata baada ya kustaafu sikuacha kufuatilia habari za breki za wenzangu. Ndivyo nilivyokutana na habari ya Guam.

Guam ni kisiwa kilicho chini ya Marekani, huko Bahari ya Pasifiki magharibi. Upande wa kaskazini kuna kituo cha jeshi la anga kiitwacho Andersen. Asubuhi ya tarehe 19 Mei 2016 ndege ya kivita aina ya B-52, iliyokuwa imetoka kituo chake cha Minot huko Dakota Kaskazini, ilisimama mwanzoni mwa njia ya kurukia, ndani yake watu 7. Hizo B-52 ni vikongwe. Ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962, na bado zinaruka, kwa hiyo rubani kijana anaweza kupewa ndege iliyomzidi mama yake umri. Ina injini 8, zimening'inizwa mbili mbili chini ya mabawa, 4 kila upande. Ikijazwa mafuta na mizigo yake yote hufika tani 220 hivi. Mkiani imefichwa parachuti yenye upana wa zaidi ya mita 13, ya kusaidia breki kuisimamisha.

Ndege ikaanza kukimbia. Hapa Kiswahili chetu kinanipa taabu, maana kimewapa jina moja mnyama wa Mungu na chombo cha chuma. Walichokiona marubani ni ndege wenye manyoya, usawa wa mabawa ya ile ndege yao. Ikasikika mishindo. Geji za injini ya 5, ya 6 na ya 7, zote za bawa la kulia, zikaonekana zinaporomoka. Geji ya mafuta ya kulainisha ya injini ya 8 ikaonyesha shinikizo kubwa kupita kiasi. Pua ya ndege ikayumba huku na huku. Rubani akatangaza kwamba anaghairi kuruka, na mikono yake ikaanza kazi sekunde ileile aliyotangaza.

Akaifyatua parachuti. Ikatoka, lakini haikujaa upepo inavyotakiwa. Mzigo wote ukaangukia breki.

Hapa ndugu zangu wa injini wanyamaze, niseme mimi. Breki haiui mwendo. Inauchukua mwendo na kuugeuza joto, na joto hilo lazima likae mahali, yaani ndani ya diski za breki zenyewe. Sasa sikilizeni hesabu ambayo nilifundishwa siku ya kwanza kazini na sijapata kuisahau. Kasi ikiongezeka mara mbili, joto la kusimamia haliongezeki mara mbili. Linaongezeka mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Ndiyo maana anayeghairi mapema husimama na tairi zake zikiwa vuguvugu, na anayeghairi sekunde chache baadaye, kwa ndege ileile na breki zilezile, huacha moto nyuma yake. Kila mara madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga wakinieleza jinsi breki "zilivyokufa" ghafla, mimi huwaambia hazikufa ghafla. Zilikuwa zinakunywa joto tangu juu ya mlima, na zilipofika chini zilikuwa zimeshiba.

Breki za B-52 ile zilishiba. Joto lilipita kiwango zilichoumbiwa, zikashindwa, ndege ikapita mwisho wa lami na kuwaka moto. Watu wote 7 walitoka hai. Ndege yenyewe iliteketea kabisa, hasara ya dola milioni 112 hivi.

Ripoti ya uchunguzi ilisema chanzo ni rubani kuwachukulia wale ndege aliowaona na zile geji alizozisoma kuwa ni dalili kwamba injini za upande mmoja zimepoteza nguvu, kiasi kwamba asingeweza kufikia kasi ya kupaa salama. Kisha parachuti ikashindwa, kisha breki zikazidiwa. Wapo watakaosoma na kusema rubani amekutwa na kosa. Mimi ninavyosoma, aliona alichokiona, akaamua mara moja, hakusita. Kilichoipoteza ndege ni kwamba wasaidizi wawili aliowategemea walimwangusha mmoja baada ya mwingine. Lakini pia siwezi kuficha kwamba macho ya mtu aliyekwisha kuwaona ndege huisoma geji kwa namna yake. Mambo ya namna hiyo yaliwahi kutokea Ugiriki, uwanja wa Preveza, tarehe 14 Julai 1996. Ndege ya rada ya NATO aina ya E-3A iligeuza uamuzi ikiwa imeshika kasi, kwa kudhani injini zimemeza ndege, ikapita mwisho wa njia ikaingia baharini na mgongo ukavunjika. Hakufa mtu. Walipochunguza, dalili ya ndege kugongwa haikupatikana.

Kwa nini basi watu wenye mafunzo hivyo wasiseme tu, ngoja tuone kidogo? Kwa sababu wanajua kwamba kungoja nako ni uamuzi, tena wa gharama kubwa kuliko yote. Mwaka 2014, tarehe 31 Mei, ndege binafsi ya kifahari aina ya Gulfstream ilikuwa inaondoka usiku uwanja wa Hanscom, Bedford, huko Massachusetts, uwanja unaopakana na kituo cha jeshi la anga. Kuna kifungo kinachofunga usukani na mapezi ya mkiani ndege ikiwa imeegeshwa, upepo usiyapigepige. Marubani hawakukifungua. Wakiwa tayari wanakimbia, rubani aligundua kifungo kimefunga, akasema, akarudia kusema, na ndege ikaendelea kukimbia. Zilipita sekunde kama 10 tangu kugundua hadi breki kukanyagwa. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaingia bondeni ikawaka. Walikufa watu wote 7 waliokuwamo.

Saba na saba. Wa Guam walitoka, wa Bedford hawakutoka.

Wachunguzi walifungua kinasa kumbukumbu cha ile Gulfstream. Kabla ya kuruka, rubani hutakiwa kuzungusha usukani pande zote ahakikishe uko huru, kazi isiyomaliza dakika. Katika safari 175 za mwisho za ndege ile, ukaguzi huo ulifanywa kikamilifu mara 2 tu. Nilipoisoma namba hiyo niliifunga miwani yangu nikaiweka mezani, kwa sababu namba yangu mwenyewe naijua.

Sijapata kuwaambia hili, na baba yenu halijui. Kwenye breki ya ndege kuna kijiti cha chuma kinachojitokeza. Kadiri breki inavyolika ndivyo kijiti kinavyozama, na kikilingana na uso wa breki, unabadilisha. Kukikagua unapiga goti, unamulika tochi, umemaliza. Usiku mmoja wa masika, zamu inaisha, mvua inapiga, nilitia saini kwamba nimekiona bila kupiga goti. Jana yake nilikuwa nimekiona, juzi pia, sasa kitakuwa kimekwenda wapi? Asubuhi rubani wa ndege ile alighairi kuruka kwa sababu ya taa ya mlango. Alisimama karibu mno na mwisho wa njia. Abiria walishuka wakilalamika kuchelewa. Mimi niliitwa, nikaonyeshwa breki moja iliyokuwa imeliwa hadi mwisho. Nilipewa barua na kukatwa mshahara. Nilistahili zaidi ya hapo.

Basi turudi kwenye nguo.

Marubani wana namba wanayoiita kasi ya uamuzi. Chini ya namba hiyo, jambo kubwa likitokea, unasimama. Ukiivuka, huna tena njia ya kutosha mbele yako, kwa hiyo unaruka hata kama injini moja imekufa, kisha utatue taabu yako ukiwa hewani. Hiyo ndiyo methali yetu, neno kwa neno. Maji yamevuliwa nguo. Lakini angalieni wanavyoipata. Hawaitafuti wakiwa wanakimbia. Huikokotoa wametulia: ndege ina uzito gani leo, njia ina urefu gani, imelowa au kavu, joto la hewa, upepo unatoka wapi. Kila safari ina namba yake. Ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, si ya Nairobi iliyo mita 1,600 juu, ambako hewa ni nyepesi na ndege inahitaji kukimbia zaidi. Na wa ndege za abiria wana desturi moja ambayo mimi naipenda kuliko zote. Rubani mkuu hukimbia na mkono wake ukiwa juu ya vishikio vya nguvu za injini, tayari kuvirudisha. Namba ikitajwa, anauondoa mkono, asije akashawishika kusimama wakati kusimama kumekwisha kuwa hatari kuliko kwenda.

Na hesabu hiyo lazima ifanywe kwa njia iliyopo, si kwa njia uliyoizoea. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka ukamwaga ujiuji wa moto ndani ya mji wa Goma, ukafunika ncha ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Uwanja uliendelea kutumika na kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilighairi kuruka pale, na mahali ambapo ingehitaji lami zaidi palikuwa na mtaa wa Birere, wenye soko, watu wanauza na kununua. Walikufa watu 40 hivi, wengi wao si abiria. Walikuwa mama zetu na vijana wenzenu, watu wanaosema Kiswahili hikihiki, waliotoka kwenda kutafuta riziki ya siku ile. Chombo kinachopita mwisho wa njia hakiendi peke yake.

Wewe wa duka. Nimekuelewa kwamba umevua nguo, ila nakuuliza, ulizivulia wapi? Ulipochukua mkopo wa kwanza uliniambia biashara ikila hasara miezi mitatu utafunga. Namba ulikuwa nayo. Mwezi wa tatu ulifika ukasema utazame wa nne. Huko ndiko kurudia kusema kifungo kimefunga huku unakimbia. Funga duka, uza vilivyobaki, uje tukae na mwenye deni mimi na wewe, mvi zangu zitasaidia kidogo. Utanuka breki kwa mwaka mzima, watu watapita wakikunusa. Mwisho wa njia ya mkopo wa tatu hapatakuwa na nyumba yako peke yako. Mama yako ameweka hati yake rehani.

Wewe uliyevunja uchumba wiki mbili kabla ya harusi, na shangazi zako hadi leo wanahesabu sare za madera zilizokwisha kushonwa. Sikukuuliza sababu na sikuulizi. Uliona geji ukasimama. Labda uliisoma vibaya, labda uliisoma sawasawa, hilo halitajulikana, kama la yule rubani. Hasara ilikuwa madera na mchele wa pilau. Nimewaambia shangazi zako hesabu ya mara nne, na kwamba mwanamke anayeghairi akiwa na watoto wawili halipi madera. Wakikusema tena, waje kwangu.

Na wewe unayeondoka kwenda Muscat mwezi ujao kufanya kazi za ndani. Sikukatazi. Wapo waliokwenda Omani kutoka mtaa huuhuu wakajenga, na wapo waliorudi na kanga waliyoivaa. Kwako nina neno refu zaidi kwa sababu wewe bado umesimama mwanzoni mwa njia, injini hazijapandishwa. Kaa chini sasa uitafute namba. Miezi mingapi bila mshahara ndipo unarudi? Wakichukua pasipoti yako siku ya kwanza, unafanya nini siku ya pili? Simu ikikatazwa? Andika ukiwa hapa, ukiwa umeshiba wali wa bibi yako na akili imetulia, maana huko, ukiwa umechoka na unaona haya kurudi mikono mitupu, kila geji utaisoma kwa macho ya haya. Halafu nauli ya kurudi. Hiyo ndiyo parachuti yako, na umeniambia ataishika wakala. Aaa. Parachuti haikunjwi na mtu usiyemjua. Nauli ikae kwa mama yako, ndani ya lile sanduku, na kila mwezi mama yako alifungue aihesabu hata kama anajua iko kamili. Namba ya simu ya ubalozi wetu uihifadhi kichwani pia, maana simu huchukuliwa na kichwa hakichukuliwi. Na jirani mmoja wa kwetu aliyeko huko ajue tarehe utakayompigia, ili siku ukinyamaza ajue.

Ile B-52 ya Guam pengo lake lilikuja kuzibwa. Mwaka 2019 Wamarekani waliichukua nyingine iliyokuwa imelazwa jangwani Arizona tangu 2008, imefungwa kabisa, wakaifufua na kuirusha tena. Walitumia muda na fedha nyingi, wakapata ndege; mtu hapatikani hivyo.

Karatasi tatu nimeziweka juu ya kabati, chini ya redio. Kalamu iko kwa bibi yenu. Kila mmoja aandike namba yake na tarehe, mwenye duka aandike alivyoviuza, na wa Muscat asisafiri kabla sijaiona yake. Kesho baada ya sala ya alfajiri nitakuwa barazani.